Mesta: kijiji kilichogeuzwa ngome kwa ajili ya utomvu

Wadau, leo naomba tuache siasa kidogo. Twende Ugiriki, kisiwa cha Chios, kwenye kijiji kinachoitwa Mesta.

Ukitazama picha yake kutoka juu utadhani ni nyumba moja kubwa. Nyumba zimebanana, na migongo ya zile za pembeni ndiyo ukuta wa kijiji. Vichochoro ni vyembamba, vingine vimefunikwa kwa matao. Adui akiingia anapotea humo, huku wenyeji wanakimbilia juu ya mapaa mpaka kwenye mnara uliokuwa katikati.

Sasa walikuwa wanalinda nini, dhahabu? Wapi! Utomvu wa mti mfupi tu, mastiki. Kila kiangazi wakulima wanafagia chini ya mti, wanamwaga unga mweupe wa chokaa, halafu wanachanja gome. Utomvu unadondoka kama machozi, unakauka, unaokotwa na kusafishwa kwa mkono. Watu wameutafuna tangu enzi za kale, yaani chingamu kabla ya chingamu.

Watu wa Genoa, Italia, walitawala Chios kuanzia 1346 hadi 1566, na wao ndio waliowabananisha wakulima kwenye vijiji hivi. Hapo ndipo penye utata kwangu. Ukuta ulimkinga mkulima na maharamia, sawa, lakini ulilinda pia mzigo usitoroshwe na mkulima mwenyewe. Usiku malango yalifungwa, na mwizi wa mastiki alikiona cha moto. Watalii wanasifia uzuri, mimi naona na jela humo humo.

Mwaka 1938 wakulima wakaanzisha ushirika wao, na mpaka leo ndio unaouza mastiki. Mwaka 2014 UNESCO ikaingiza ujuzi wa kulima mastiki kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Umeona? Ujuzi, siyo mawe.

Na ujuzi ndio ulio hatarini. Moto wa 2012 uliteketeza sehemu ya mashamba, na mti mpya unahitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa chochote. Ukuta utasimama wenyewe, lakini nani atapanda na kungoja kama vijana wote watahamia Athens? Mesta itabaki ya kupigia picha tu.

Kwenu je, wadau? Ujuzi gani utazikwa na babu na bibi tusipojifunza sasa hivi? Mwageni maoni hapo chini.