Mtoto Mwenye Kofia Pana

Sinza, eneo la Dar es Salaam lililopimwa viwanja katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia, limekusanya watu wa makabila, dini na vipato mbalimbali, hivyo mtoto wa chekechea ya Sinza Mori au Kijiweni hukutana na tofauti za binadamu kabla hajajua kusoma. Anachokikosa mara nyingi ni mtu mzima wa kumweleza bila woga wala dhihaka kile anachokiona, na hapo ndipo kinapohitajika kitabu cha picha, yaani kitabu ambacho michoro yake hubeba hadithi pamoja na maneno.

Mfano mzuri ni True Friends cha John Kilaka, Mtanzania anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, ambamo Tembo anamnyima Panya chakula wakati wa njaa, Panya anahama, na wanyama wanabaki bila fundi wa kuwasha moto. Kitabu hiki kinapendeza mno, ila mwalimu anapaswa kukisoma kwa uangalifu, kwa kuwa msikilizaji mdogo anaweza kudhani kwamba mnyonge hustahili heshima pale tu anapokuwa na manufaa kwa wenye nguvu.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi hadithi inapomhusu mtoto mwenye ulemavu wa ngozi, hali ya kurithi ambayo mwili hautengenezi rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Baada ya mauaji ya kishirikina yaliyoitikisa Tanzania kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ni rahisi mwandishi kumchora mtoto huyo kama wa kuhurumiwa, au kama shujaa anayekubaliwa baada ya kuwaokoa wenzake. Kinachofaa zaidi ni picha ya mtoto aliyevaa kofia pana na mikono mirefu kujikinga na jua, aliyeketi karibu na ubao kwa sababu macho yake hayaoni mbali, na ambaye wakati wa mapumziko anagombea mpira kama wenzake, bila hadithi kumdai tendo lolote la ajabu.

Tatizo ni kwamba kuchapa vitabu vya namna hiyo kwa rangi ni ghali, na Mradi wa Vitabu vya Watoto nchini Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulisaidia kwa kununua sehemu ya nakala za wachapishaji na kuzigawa shuleni. Darasa lenye nakala moja tu bado linaweza kunufaika, mradi mwalimu awageuzie watoto ukurasa, asubiri waulize kwa nini ngozi ya yule mtoto wa pichani ni nyeupe, kisha awajibu waziwazi kwamba amezaliwa hivyo.