DENI LA SIRI HULIPWA NA NANI?

Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humfichua. Yafaa kila mwanachama na kila mfanyakazi aikumbuke methali hii atazamapo mambo yaliyowapata jirani zetu wa Msumbiji.

Mwaka 2013 na 2014 makampuni matatu ya Serikali ya huko yalikopa zaidi ya dola bilioni 2 kutoka mabenki ya ng'ambo, kwa madai ya kununua mashua za uvuvi na vyombo vya kulinda pwani. Serikali iliidhamini mikopo hiyo bila ya kibali cha Bunge, na sehemu yake kubwa ikafichwa hadi Aprili 2016, gazeti moja la Marekani lilipoifichua. Muda si muda Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili wengine wakazuia misaada, thamani ya fedha ikaporomoka, na bei za vitu zikapanda. Kibarua asiyekopa hata senti moja akaona mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi.

Je, hapakuwa na watu wa kuuliza? Walikuwako. Carlos Cardoso, mwandishi aliyechunguza wizi wa benki, aliuawa kwa risasi mjini Maputo Novemba 2000. Mwaka 2013, mwaka ule ule mikopo ilipoanza, mtaalamu wa uchumi Carlos Nuno Castel-Branco alimlaumu Rais wa wakati huo, Armando Guebuza, katika barua ya wazi. Yeye na mhariri Fernando Mbanze, aliyeichapa, wakashitakiwa. Mahakama iliwaachia huru mwaka 2015. Na Agosti 2020 ofisi ya gazeti Canal de Moçambique ilitiwa moto.

Hukumu ya wakosaji ilikawia. Desemba 2022 mahakama ya Maputo iliwatia hatiani watu 11, akiwamo mwana wa Guebuza. Aliyekuwa Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alipewa kifungo cha miaka minane na nusu mjini New York, Januari 2025.

Wako wasemao kwamba gazeti liulizalo habari za fedha za umma huipaka Serikali matope. Sivyo! Mpaka matope ni yule atiaye saini gizani. Mbwa akibweka usiku hafungwi kinywa, hutafutwa mwizi. Deni lililofichwa na wakubwa hulipwa na wadogo. Basi mfanyakazi ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuliza, na anayeliziba gazeti kinywa amemziba yeye.