Simu Imejaa, Mwalimu Anapiga

Mzazi akileta simu kwa fundi, malalamiko huwa yale yale: imekuwa nzito, inaganda, inakataa kupiga picha, nadhani imezeeka. Mara nyingi haijazeeka. Imejaa. Na kilichoijaza si alichokiweka yeye, ni alichotumiwa na wengine na simu ikakipokea bila kumuuliza: video za sala ya asubuhi, matangazo ya biashara, picha za siku ya michezo shuleni ambazo mwanawe anaonekana katika mbili tu. Wapo wanaonunua simu mpya katika mwezi ule ule wa ada, na miezi michache baadaye ile mpya inakuwa nzito kama ya zamani. Fedha imekwenda, tatizo limehama nao.

Simu hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kupokea kila kitu, kutoka kwa kila mtu, saa zote. Aliyeipanga hivyo hajui kwamba una watoto wawili katika shule mbili, kikao saa nne na sufuria jikoni saa moja jioni. Mipangilio hiyo inabadilika, na mtu wa kuibadilisha ni wewe. Nusu saa ya Jumapili mchana inatosha kwa karibu yote nitakayoyaeleza hapa.

Tuanze na hifadhi, maana ndiyo mzizi wa mengi.

Kwenye simu nyingi za huku kwetu, mlaji mkubwa wa nafasi ni WhatsApp. Ikishawekwa, isipoguswa, hupakua picha zenyewe hata ukiwa kwenye bando, na ukiingia kwenye Wi-Fi ya ofisini hupakua kila kitu: picha, sauti, video na nyaraka. Tuseme magrupu yako yote, ya darasa, ya ukoo, ya kikoba na ya mtaa, yanaleta video kumi kwa siku, kila moja MB 5. Hizo ni MB 50 kwa siku, yaani GB 1.5 kwa mwezi. Simu ya GB 32, ambayo mfumo wake wenyewe umeshachukua sehemu kubwa, haiwezi kubeba mzigo huo mwaka mzima. Tena ukituma picha kutoka kwenye galari yako, WhatsApp ya Android hutengeneza nakala nyingine na kuiweka kwenye folda ya vilivyotumwa, kwa hiyo picha moja ya mtoto inakaa mara mbili.

Lakini kwa nini simu iliyojaa iwe nzito, badala ya kusema tu kwamba nafasi imekwisha? Jibu liko kwenye chipu ya kuhifadhia. Chipu hiyo huandika data vipande vidogo vidogo, ila haiwezi kufuta kipande kimoja peke yake. Hufuta fungu zima la vipande kwa mpigo. Penye nafasi tele, hilo halina shida. Ikikaribia kujaa, kila mara unapopiga picha au kupokea meseji simu inalazimika kwanza kuhamisha vipande vinavyotakiwa, ifute fungu, ndipo iandike. Ni kama kupika kwenye jiko ambalo mafiga yote yamekaliwa: kabla ya kuinjika chai unahamisha sufuria mbili. Wewe unaona kioo kimeganda, kumbe ndani kazi inaendelea. Ndiyo maana nashauri usisubiri onyo. Acha hata sehemu moja ya kumi ya hifadhi ikae wazi wakati wote.

Dawa yake ni hii. Fungua WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya hifadhi na data. Utakuta mambo mawili ya maana. La kwanza ni upakuaji wa moja kwa moja: ondoa alama zote, za bando na za Wi-Fi. Kuanzia hapo picha itakuja ikiwa na ukungu mpaka uiguse, na bando lako litaanza kudumu. Uangalifu mmoja tu: nyaraka muhimu kama ripoti ya muhula au risiti ya ada ziguse mapema, kwa kuwa faili ambalo halikupakuliwa halikai kwenye seva milele.

La pili ni sehemu ya kusimamia hifadhi. Hapo WhatsApp yenyewe inakuonyesha mafaili yanayozidi MB 5, yale yaliyosambazwa mara nyingi, na orodha ya mazungumzo kuanzia lenye uzito mkubwa. Usianze kufuta picha moja moja kwenye galari, utachoka kabla hujafika popote. Anza na yaliyosambazwa mara nyingi. Hayo karibu yote ni video ambazo hakuna atakayezitafuta tena. Kisha nenda kwenye grupu zito kuliko yote, chagua video, futa. Picha za mwanao zilizomo humo zihamishe kwanza, kwenye kompyuta au kwenye akaunti yako ya picha mtandaoni, halafu hakikisha zinafunguka huko. Nasisitiza kuhakikisha, kwa sababu nimewaona wazazi wakilia juu ya picha za mtoto mchanga walizodhani ziko mahali fulani.

Ukishafuta, usishangae nafasi isipoongezeka papo hapo. Picha ulizofuta kwenye programu ya picha ya Google huenda kwenye pipa na kukaa humo siku 60 kama zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni. Kwenye iPhone hukaa siku 30. Pipa lisipomwagwa, bado zinakula nafasi.

Kuna hifadhi ya pili ambayo wengi hawajui kuwa nayo inajaa. Akaunti ya Google ina GB 15 za bure, na hizo zinagawanywa kati ya barua pepe, nyaraka na picha. Hadi mwaka 2021 picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa. Tangu Juni 1 mwaka huo zinahesabiwa. Kisha nakala za akiba za WhatsApp, ambazo kwa miaka mingi zilikaa bure, nazo zikaingizwa kwenye hesabu hiyo hiyo. GB 15 zikijaa, barua pepe haziingii tena. Mzazi anaambiwa na shule kwamba fomu ilitumwa, naye anaapa hakuiona, na wote wawili wanasema kweli. Nenda kwenye sehemu ya nakala za akiba ya WhatsApp uondoe video. Maneno na picha vinatosha.

Kuhusu programu za kusafisha simu zinazoahidi kuongeza kasi kwa mguso mmoja, zitoe. Nyingi zinakuletea matangazo, zinakula betri, na kazi yenyewe Android inaifanya bila hizo. Vivyo hivyo kuzoea kufunga kila programu kwa kuitelezesha nje ya kioo: mwaka 2016 wakuu wa programu wa pande zote mbili, Hiroshi Lockheimer wa Android na Craig Federighi wa Apple, walisema haisaidii betri. Programu iliyofungwa ikifunguliwa upya inaanza kupakia kila kitu tangu mwanzo. Ifunge pale tu inapoganda. Kama programu moja inasumbua, ingia kwenye taarifa zake uifutie akiba, kwa maana ya yale mafaili ya muda. Pembeni yake kuna chaguo la kufuta data. Hilo usiliguse kwenye WhatsApp, maana mazungumzo yaliyo kwenye simu yatakwenda nayo.

Sasa kelele.

Simu inayolia kutwa inamfundisha mwenyewe kutoisikia. Mzazi mwenye magrupu kumi huishia kuizima sauti kabisa, na siku muuguzi wa shule anapopiga kwamba mtoto ana homa, simu iko kimya ndani ya mkoba. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu ufumbuzi umo ndani ya simu yenyewe na hauna gharama. Unaitwa Usinisumbue. Watu huiogopa wakidhani inafunga simu zote. Haifungi zote. Unaweza kuruhusu namba ulizozipa nyota, na hapo uweke shule, dada wa nyumbani, mwenzako, na dereva wa basi la shule. Na kuna kipengele cha anayerudia kupiga: kwenye Android, mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Waambie walimu wa watoto wako: nisipopokea, piga tena hapo hapo. Sentensi hiyo moja inakuruhusu kukaa kwenye kikao ukiwa na amani.

Magrupu yenyewe yanyamazishe kwa muda wote, siyo kwa saa nane, kisha yaweke kwenye kumbukumbu. Tangu mwaka 2021 grupu lililowekwa huko linabaki huko hata ujumbe mpya ukiingia. Kwa kawaida mtu akikutaja kwa jina au akijibu ujumbe wako utaarifiwa. Kwa programu nyingine, taarifa ikikukera, ibonyeze kwa muda mrefu pale pale ilipotokea. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, unaweza kuzima aina moja ya taarifa na kuacha nyingine. Ya benki kukutangazia mikopo inyamaze, ya benki kukwambia fedha zimetoka ibaki.

Na kwa walimu na viongozi wa kamati za wazazi, nawaomba sana: WhatsApp iliweka tangu mwaka 2018 uwezo wa grupu ambalo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Fungueni moja la matangazo ya shule tu, na jingine la maongezi kwa anayetaka. Tarehe ya mtihani haitazikwa tena chini ya meseji themanini za “amina” na “hongera”.

Simu ikiwa mkononi mwa mtoto ni habari nyingine. Tunawapa, hasa wakati wa kupika au kwenye foleni ya hospitali, na sioni haja ya kumlaumu mzazi kwa hilo. Ila mpe mlango mmoja, siyo nyumba nzima. Android tangu toleo la 5 ina uwezo wa kubandika programu moja kwenye kioo; huwashwa kwenye mipangilio ya usalama, na ukiuwekea sharti la PIN mtoto hawezi kutoka kwenye katuni akaingia kwenye meseji za kazini. Kwenye iPhone kipengele kama hicho kiko kwenye mipangilio ya ufikivu. Kama mchezo hauhitaji intaneti, zima data kabla ya kumpa: matangazo mengi hayatatokea, kwa hiyo hatabonyeza lile linalomwingiza kwenye huduma inayokata salio kila siku, na wewe bado unapigiwa simu kama kawaida. Duka la programu liweke lidai nywila kwa kila ununuzi. PIN ya M-Pesa au ya mtandao wowote wa pesa isifanane na ya kufungulia simu. Mtoto wa miaka sita hahitaji kuambiwa PIN, amekaa pajani pako akiona vidole vyako.

Simu isipochaji, kabla ya kununua chaja nyingine ichungulie tundu lake kwa tochi. Pamba za mfukoni na vumbi hujibana mle ndani hadi waya haufiki. Izime, toa taka polepole kwa kijiti cha meno cha mti, kamwe si kwa sindano. Betri yenyewe adui yake mkubwa ni joto: usiichaji chini ya mto, wala usiiache kwenye dashibodi ya gari juani.

Nimebakiza lililo zito, wizi wa akaunti. Unaletewa ujumbe kutoka kwa mzazi mwenzako wa darasani: samahani dada, nimekosea, kuna namba sita zimekuja kwako, naomba unitumie. Anayeandika si yeye. Akaunti yake imeshatekwa, na namba hizo sita ndizo zinazohamisha WhatsApp yako kwenda kwenye simu ya mwizi. Ukizituma, dakika chache baadaye anawaomba grupu zima mkopo wa haraka kwa jina lako na picha yako. Namba zinazokuja kwa meseji hazitumwi kwa mtu yeyote, awe mama mkwe au mkuu wa shule. Leo hii washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti ya WhatsApp, uweke PIN na anwani ya barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Pia angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na kifaa usichokijua kiondoe.

Likishatokea, usipoteze muda kubishana na mwizi. Sajili upya namba yako kwenye WhatsApp. Namba sita mpya zitakuja kwenye laini yako, na ukiziingiza yeye anatolewa. Akiwa ameweka PIN yake, itakubidi usubiri siku saba ndipo uingie, lakini naye hatakuwa ndani. Kwa Tanzania, ujumbe wa kitapeli unaotaja namba ya kupokelea fedha utume kwenda 15040. Na kabla ya hayo yote mpigie simu msimamizi wa grupu la darasa, sauti kwa sauti, aitoe namba yako na kuwaeleza wazazi wasitume fedha mpaka utakaporudi.