Nauli Moja, Ada Tofauti

Nchini Uingereza, anayetaka tiketi ya treni huruka kutoka tovuti hadi tovuti akiamini kwamba mahali fulani ipo nauli ya chee. Aghalabu hutoka mikono mitupu. Kampuni za treni na mawakala hutegemea kanzidata moja ya nauli, na kila kampuni huuza hata tiketi za treni za wenzake. Anayekwenda Edinburgh kwa treni ya LNER anaweza kukata tiketi kwenye tovuti ya GWR, ambayo treni zake hazifiki Uskoti kabisa, na nauli ikawa ile ile.

Kinachoongezeka ni ada. Trainline, wakala mkubwa aliyeanza mwaka 1997, kwa kawaida hutoza ada ya huduma juu ya nauli. LNER na GWR hawatozi. Kwa anayesafiri kila wiki, hizo ni fedha zinazotoka bure.

Jambo zito zaidi ni kuigawa safari. Nauli ya London hadi Bristol haikupatikana kwa kujumlisha nauli za vituo vya njiani. Kila jozi ya vituo ina bei yake, na kila bei ina masharti yake ya saa. Ndiyo maana tiketi mbili, ya London hadi Didcot Parkway na ya Didcot hadi Bristol, mara nyingi hugharimu pungufu ya tiketi moja ya safari nzima. Abiria hashuki popote. Kanuni za usafiri wa reli zinaruhusu, mradi treni isimame Didcot. Ikipita moja kwa moja, tiketi hizo hazifai. Tovuti isiyopiga hesabu hii humwonyesha mteja nauli kamili bila neno, na baadhi ya zinazoipiga huchukua sehemu ya fedha iliyookolewa. Hapa ndipo bei hutofautiana kwelikweli, na ni dhuluma kwa mzee asiyejua mbinu hii kulipa zaidi ya jirani aliyeketi ubavuni mwake.

Ulaya bara mambo ni mengine. Treni za Berlin na Prague huendeshwa kwa ushirikiano wa Deutsche Bahn ya Ujerumani na České dráhy ya Czech, na kila kampuni ina fungu lake la tiketi za bei nafuu. Mara nyingi upande wa Czech huuza kwa bei ya chini, hata kwa anayepandia Berlin.

Mafungu hayo huisha. Tiketi nafuu za kununua mapema zikimalizika, bei hupanda ngazi, kwa hiyo tovuti iliyotazamwa asubuhi hailinganishwi na nyingine ya jioni. Zitazamwe kwa wakati mmoja, hadi ukurasa wa malipo, ambako ada hujitokeza. Na kabla ya kulipa, yasomwe masharti ya kurejeshewa nauli, kwani dai hilo hupelekwa kwa aliyeuza tiketi.