Metal Slug 2: kwa nini gemu hii ilikuwa ikisuasua?

Simu ikifunguliwa programu nyingi kwa pamoja, huanza kusuasua. Ndivyo ilivyokuwa kwa Metal Slug 2, gemu ya kukimbia na kufyatua risasi iliyotolewa na kampuni ya SNK ya Japani mwaka 1998. Tumeirudia, na bado inachekesha: askari akila kupita kiasi ananenepa, akipuliziwa pumzi na maiti wa kale waliozungushiwa vitambaa, anageuka kuwa kama wao na kutembea kwa kujikokota.

Tatizo lilikuwa mzigo. Mashine ya Neo Geo ilikuwa sokoni tangu mwaka 1990, na ilipaswa kuchora upya picha ya kwenye skrini mara nyingi kila sekunde. Maadui, risasi na milipuko vikijaa, hesabu zilichelewa na kila kitu kikaenda polepole, hata askari wako.

Mwaka 1999 SNK ilitoa Metal Slug X: gemu ileile iliyorekebishwa, yenye kasi zaidi na maadui waliopangwa upya. Kwa hiyo, msikilizaji, ukitaka kuijaribu, anza na X. Ila tukiri jambo moja: ule mwendo wa kobe ulitupa nafasi ya kukwepa risasi.