Sindano 40 za Uboho

Mwaka 2002 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la madaktari wa Japani ambalo ukilisoma unausikia uchungu wake. Mgonjwa analazwa kwa nusukaputi, anafyonzwa takriban nusu lita ya uboho kwenye mfupa wa nyonga, seli zinachujwa, kisha zinadungwa kwenye shavu la mguu. Sindano 40. Miguu yenyewe ilikuwa imezibwa mishipa kiasi kwamba haitulii kwa maumivu hata usiku, na vidonda havifungi.

Wagonjwa 22 walikuwa na ugonjwa huo miguu yote miwili, nao ndio waliofaa zaidi kwa ulinganisho: mguu mmoja ulidungwa seli za uboho, wa pili seli zilizotolewa kwenye damu tu. Ule wa uboho ulipona vizuri zaidi. Oksijeni iliongezeka ngozini, maumivu yakapungua.

Wazo la kujenga mishipa mipya kwa seli lilianzia Boston mwaka 1997, Takayuki Asahara na Jeffrey Isner walipotangaza kwamba katika damu ya mtu mzima huzunguka seli changa zenye uwezo wa kujenga ukuta wa mshipa. Hadi hapo iliaminika kwamba mtu akishazaliwa, mshipa mpya huchipuka kutoka mshipa wa zamani, basi.

Kuchipua kwenyewe mwili unakujua. Seli ikiwa mbali na kapilari kwa zaidi ya sehemu ya tano ya milimita, oksijeni haiifikii. Protini iitwayo HIF, ambayo kwa kawaida huharibiwa mara tu inapotengenezwa, hapo husalimika na kuamuru itengenezwe VEGF, kemikali inayovuta mishipa ichipuke kuelekea penye njaa. Waliofumbua jambo hili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kwa mwenye kisukari amri hiyo hufifia, na seli za uboho wake nazo huwa zimechoka. Yaani anayeihitaji tiba hii zaidi ndiye mwenye malighafi dhaifu.

Baadaye ikaonekana kwamba seli nyingi zinazodungwa hufa upesi, na ni chache mno zinazogeuka mshipa. Msaada wake mkubwa ni kemikali zinazotoa kabla ya kufa. Tena nyingi kati ya zile zilizoitwa seli changa za mishipa zilikuwa, kwa kweli, seli nyeupe za damu.

Pigo likatoka Uholanzi mwaka 2015. Katika jaribio la JUVENTAS wagonjwa wote 160 walitolewa uboho, lakini nusu yao wakarudishiwa mishipani mchanganyiko usio na seli za uboho, bila wao wala madaktari wao kujua nani kapata nini. Baada ya miezi sita, waliopata seli hawakuwa wameepuka kukatwa mguu zaidi ya wenzao. Maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili!

Utafiti unaendelea, na mimi sioni sababu ya kuuzika. Ila ukiona tangazo la kliniki inayouza sindano za seli shina, yaani seli changa kama hizi, kwa mguu wenye kidonda, na picha za waliopona zimepangwa ukutani, waulize swali moja kabla ya kutoa pesa: hao waliopona walilinganishwa na nani?