Baraka na Fizi: Kulipa kidogo kidogo kabla ya kubeba mali, hatari inabaki kwa nani?

Picha inaingia katika kikundi cha WhatsApp asubuhi: friji mpya ingali ndani ya karatoni yake, na chini yake bei kwa dola. Swali linalofuata katika kikundi ni lile lile la kila siku: munapokea kidogo kidogo?

Katika muji wa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, na katika teritware nzima ya Fizi, swali hilo lina maana yake. Makuta yapo, lakini hayaji mara moja. Mvuvi anapata usiku mmoja na kukosa juma zima. Mama muuza mihogo anapata siku ya soko. Mchimbaji wa dhahabu kule Misisi anaweza kukaa miezi bila kitu, kisha kwa siku moja akashika pesa ya kununua pikipiki. Mwalimu anangojea mshahara. Kutoa dola mia tatu ama mia nne kwa mkono mmoja, ni wachache wanaoweza.

Ndiyo maana avansi imekuwa mlango wa wengi. Mteja anachagua kitu, anakubaliana bei na muuzaji, anatuma sehemu ya kwanza kwa simu, kisha anaendelea kulipa juma kwa juma ama mwezi kwa mwezi. Kitu chenyewe kinabaki kwa muuzaji. Siku ya malipo ya mwisho, ndipo mali inapakiwa kwenye boti ama kwenye gari na kumfikia mwenyewe.

Desturi hii si ya jana. Muuza manjanja ambaye anajua familia yako tangu zamani alipokea makuta yako kidogo kidogo na kuandika katika kaye lake, hata mabati ishirini yatimie. Cherehani zimenunuliwa hivyo, kinga pia. Lakini muuzaji huyo alikuwa na sura na nyumba. Akichelewa kukupa mali, ulimkuta kanisani, msikitini ama kwenye matanga ya jirani. Kilichogeuka ni simu. Tangu M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money na Orange Money zilipoanza kazi katika Kongo, mtu wa Fizi-centre anaweza kumlipa muuzaji wa Uvira, wa Bukavu ama wa Lubumbashi ambaye hajawahi kumuona hata siku moja.

Wale wenye ndugu Marekani, na familia za Fizi zilizopitia kambi ya Nyarugusu huko Tanzania kisha zikapelekwa Marekani ni nyingi, wamesikia kwamba huko pia mambo haya yalikuwepo. Duka kubwa la Walmart liliuza hivyo kwa miaka mingi, likaacha mwaka 2006, likarudisha mwaka 2011 kwa ajili ya msimu wa Noeli, kisha mwaka 2021 likaacha tena na kuwaelekeza wateja kwenye mkopo wa kampuni ya Affirm. Sababu ni rahisi kuelewa. Kuwekea mtu kitu dukani kwa miezi kunakula nafasi na kunahitaji wafanyakazi. Mkopo unamletea tajiri faida, hasa pale unapokuwa na riba.

Hapa ndipo inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya kwa sababu yote huitwa kulipa kidogo kidogo. Katika namna ya kwanza, mali inabaki kwa muuzaji hadi umalize. Hakuna deni, hakuna riba, na ukishindwa hakuna mtu wa kuja kukunyang'anya kitu. Katika namna ya pili, unabeba kitu siku ya kwanza na kulipa ukiwa unakitumia. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inahamisha hatari yote kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Katika namna ya kwanza mteja ndiye anayemuamini muuzaji. Katika ya pili muuzaji ndiye anayemuamini mteja.

Mfano mzuri wa namna ya pili umezaliwa na watoto wa Kivu ya Kusini wenyewe. Washikala Malango na Iongwa Mashangao walikimbia vita wakiwa wadogo, wakakulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, wakisoma kwa taa ya mafuta yenye moshi. Mwaka 2013 walianzisha Altech, kampuni inayouza taa na vifaa vya sola katika Kongo, na baadaye majiko yanayopunguza makaa. Familia nyingi hazikuweza kulipa bei yote ya sola, kwa hiyo kampuni ikafungua njia ya kulipa kidogo kidogo kwa simu wakati taa tayari inawaka nyumbani. Namna hiyo inawezekana kwa sababu ya ufundi ulio ndani ya vifaa vya aina hiyo: mteja akilipa, anapewa kodi ya kufungua siku kadhaa za mwanga; asipolipa, kifaa kinajizima.

Kenya ilifanya vivyo hivyo kwa simu. Mwezi wa saba 2020, Safaricom pamoja na Google walileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: mteja alitoa shilingi 1,000 za mwanzo, kisha shilingi 20 kila siku kwa miezi tisa. Asipolipa, simu ilifungwa. Lakini friji haina kodi, kitanda hakina kodi, na mabati hayawezi kuzimwa yakiwa juu ya nyumba. Kwa vitu vya namna hiyo muuzaji wa Baraka hana kifungo chochote mkononi, isipokuwa kukaa na mali yake hadi makuta yatimie. Hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Hata wenye nguvu zaidi wameumia: kampuni ya Lipa Later ya Nairobi, iliyowakopesha watu vitu vya nyumbani na hata kununua soko la mtandaoni la Sky.Garden, iliwekwa chini ya msimamizi mwezi wa tatu 2025 kwa kulemewa na madeni.

Turudi kwa mteja. Tuseme friji ni dola 300, na makubaliano ni dola 50 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa nne ametoa dola 200, na nyumbani kwake hakuna hata waya. Anachokuwa nacho ni ujumbe wa M-Pesa ndani ya simu. Simu ikiibiwa, ikianguka ziwani, ushahidi unakwenda nayo. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema waziwazi: mara nyingi friji ya kwenye picha haiko dukani. Avansi za wateja watano ndizo zinazokuwa mtaji wa kwenda kuleta friji tatu kutoka Kigoma ama kuagiza mbali zaidi. Muuzaji mwenye bidii anafaulu, kila mtu anapata chake. Boti ikizama, ama barabara ya Uvira ikikatika kwa mvua, wateja wote watano wanagundua siku moja kwamba walikuwa wakopeshaji bila kujua.

Vita imeongeza uzito. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, benki zilifunga milango na pesa taslimu zikawa adimu. Mtu wa Fizi aliyekuwa amebakiza malipo mawili kwa duka la Bukavu angemdai nani? Muuzaji mwenyewe huenda amekimbia, depo huenda imeporwa. Katika hali kama hiyo, aliyebeba kitu mapema yuko nacho. Aliyelipa na kungoja ana ujumbe ndani ya simu.

Halafu kuna dola. Bei inaandikwa kwa dola, lakini wengi wanapata kwa franka. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Kufikia mwaka 2024 ilikuwa imepanda karibu 2,800. Mteja aliyehesabu kwa franka katika safari ndefu kama hiyo anajikuta anatoa zaidi bila bei kuongezwa. Franka ikipata nguvu, ni muuzaji aliyepokea franka na kuzihifadhi anayecheka. Bila neno moja katika makubaliano, kila upande unavuta kwake.

Na kuna mwezi, ule wa angani. Wavuvi wa Baraka, Mboko na Kazimia wanavua ndagala na taa, na taa inafanya kazi wakati wa giza. Mwezi ukijaa, samaki hawakusanyiki, mitumbwi inakaa ufukweni, mifuko inakauka. Muuzaji anayedai malipo kila tarehe 30 hajui ziwa. Mvuvi akiwekewa siku ya kulipa wakati mwezi ni mweupe, atachelewa, na katika makubaliano mengine kuchelewa mara mbili ni kupoteza yote. Zaidi ya hayo, nchi nne zinazopakana na ziwa zilikubaliana kulipumzisha kila mwaka kwa miezi mitatu, na Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane 2024. Mpango wa malipo ya mvuvi ungepaswa kufuata giza na misimu ya ziwa: malipo makubwa juma za giza, chochote ama sifuri juma za mbalamwezi. Wauzaji wazee wa Baraka wanalijua hili bila kufundishwa. Wale wa mtandaoni walio mbali ndio wanaoshangaa.

Sheria haiko kimya kabisa. Dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ni msingi wa kesi za namna hii katika Kongo, inatambua pesa inayotolewa kama rehani ya ahadi ya kuuziana, ile inayoitwa «arrhes»: mnunuzi akijiondoa anaipoteza, muuzaji akijiondoa anarudisha mara mbili. Pesa iliyotolewa kama sehemu ya bei, «acompte», ni jambo jingine: hapo uuzaji umekwisha kufungwa. Neno moja kwenye karatasi linaweza kuamua kesi nzima, na watu wengi huandika «avansi» tu, neno ambalo kila upande utalitafsiri utakavyo. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 kuna pia Kodi ya mambo ya dijitali, inayohusu biashara ya mtandaoni. Lakini kwa deni la dola 150, nani atalipa usafiri, mwanasheria na miezi ya kungoja tribinali?

Kwa hiyo wenye busara wanajilinda kwa njia ndogo. Wanataka kuona namba ya mashine yenyewe, ile iliyobandikwa nyuma ya friji, na kuiandika kwenye karatasi pamoja na bei, sarafu na tarehe ya mwisho. Wanaandika pia ni kiasi gani kitarudi wakishindwa, jambo linaloleta haya kulisema mwanzoni na ugomvi mwishoni. Wanatafuta shahidi anayejulikana na pande zote mbili. Ujumbe wa malipo wanautuma kwa ndugu mwingine ili ukae katika simu mbili.

Wengine wanaiacha kabisa avansi na kuingia katika likelemba. Watu kumi wanachanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba yote, anakwenda dukani na pesa kamili, anaponja bei kama mtu mwenye uwezo, na kurudi na mali siku ile ile. Nayo ina hatari yake, kwani aliyepata wa kwanza anaweza kupotea. Lakini hao kumi wanajuana, wanaishi kata moja, na makuta hayalali kwa mfanyabiashara wa mbali. Mama wengi wa soko la Baraka huuliza kwanza zamu yao ni lini, ndipo wanarudi kwenye picha ya friji na kuandika: ikiwa bado ipo mwezi wa kumi, tuma namba ya mashine.